Mukimo Haupondwi kwa Mtu Mmoja



Naomba dakika zako chache leo. Kama uko kwenye matatu unaelekea kazini, soma polepole. Kama uko jikoni, punguza moto kwanza usije ukaunguza chakula, kisha urudi tuendelee. Somo letu ni chakula cha nyumbani, kile ambacho wengi wetu wa Meru na Embu tulilelewa nacho, na neno letu linatoka Kutoka 12, mstari wa 3 na wa 4.

Habari yenyewe unaifahamu. Wana wa Israeli wako Misri, zimebaki siku chache kabla ya usiku wa kutoka. Mungu anawapa Musa na Haruni maagizo, na sehemu kubwa ya maagizo hayo ni ya jikoni: mwanakondoo awe wa namna gani, achinjwe lini, aokwe vipi, aliwe na mboga gani, mkate uwe wa aina gani, watu wavae nini wakila. Farao ana jeshi na magari ya vita, na Mungu anazungumza na watu wake kuhusu chakula cha jioni.

Katikati ya maagizo hayo kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka tukikimbilia damu kwenye miimo ya mlango. Mungu anasema kwamba kama nyumba ni ndogo, watu wake hawatoshi kummaliza mwanakondoo mmoja, basi mwenye nyumba na jirani yake aliye karibu wamchukue mmoja pamoja, wakihesabu watu kulingana na ulaji wa kila mmoja.

Sasa linganisha na Mambo ya Walawi 5:7. Pale, mtu anayeleta sadaka kwa ajili ya kosa lake, akiwa hana uwezo wa kondoo, anaruhusiwa kuleta ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Kwa hiyo Mungu anajua kupunguza. Usiku ule wa Pasaka angeweza kusema kwamba nyumba ndogo ichinje njiwa, ikamalizana na mambo yake. Hakusema hivyo. Sadaka ilipunguzwa ikalingana na mfuko wa mtu, lakini mlo wa Pasaka haukupunguzwa. Walioongezwa ni walaji. Mjane aliyekuwa amebaki na mtoto mmoja kule Misri hakupewa kipimo cha watu wawili. Alipewa jirani.

Shika hapo, mpendwa, maana ndipo tutakaporudi tena na tena.

CHUNGU CHETU NI CHA WATU WENGI

Angalia jinsi chakula chetu kinavyopikwa. Mahindi makavu na maharagwe ya githeri yanakaa motoni saa mbili, hata tatu, kulingana na ukavu wake na kuni zako. Njahi inalowekwa usiku kucha, na kuna akina mama ambao humwaga maji ya kwanza ya kuchemshia ili ukali utoke. Ndizi mbichi zinamenywa moja moja, na utomvu wake unashika vidole kama gundi, ndiyo maana mama zetu walijipaka mafuta mikononi kabla ya kushika kisu. Majani ya malenge yanatolewa nyuzi, jani kwa jani.

Na vyote vikiiva, kazi ndiyo kwanza inaanza. Sufuria inateremshwa chini, mtu mmoja anaishika kwa kitambaa isicheze, mwingine anashika mwiko mkubwa kwa mikono miwili na kuponda mpaka jasho litoke. Mtoto anatumwa chumvi. Mwingine anakaanga kitunguu. Shosho yuko pale kwenye kigoda hafanyi chochote, lakini yeye ndiye anayesema kama umepondeka au bado.

Nani kati yetu amewahi kuona mukimo wa sahani moja?

Ukienda chini, Mbeere na Tharaka, ni vilevile. Mtama na mawele yanapigwa, yanapepetwa, yanasagwa. Mbaazi mbichi zinabanduliwa na watu waliokaa chini ya mti wakipiga hadithi. Uji wa wimbi wa kuchachusha unasubiriwa siku kadhaa ndani ya kibuyu, na hakuna anayechachusha kikombe kimoja. Pande za juu, kiazi kikuu kinapanda mti kwa miaka. Unapokihitaji unachimba pembeni, unakata kipande cha mlo wa leo, unarudisha udongo ili kingine kiendelee kukua kwa ajili ya wengine. Mzee anaweza kufa akaacha viazi ambavyo wajukuu watakula.

Ukipima vyakula hivi vyote utaona vina kipimo kimoja. Kipimo chake ni nyumba yenye watu. Ni kama mwanakondoo wa Pasaka, ukiwa peke yako, chakula chenyewe kinakutuma kwa jirani.

MAMA MMOJA WA USHIRIKA WETU

Mwaka jana tulimtembelea mama mmoja, pande za juu za Embu karibu na mashamba ya majani chai. Amenipa ruhusa nisimulie, mradi nisitaje jina. Mumewe alitangulia mbele za haki miaka kadhaa iliyopita. Watoto ni watatu, na wote ni wazuri. Mmoja yuko Nairobi, mmoja Qatar, mmoja Marekani. Kila mwezi M-Pesa inaingia bila kukosa. Paa la nyumba ni jipya, maji yako kwenye mfereji, stima iko.

Lakini mama alikuwa amekonda. Gauni la kanisani lilikuwa linamning'inia. Kliniki walikuwa wamemwambia damu iko chini na kwamba ale vizuri.

Mke wangu akamuuliza, kwa heshima, vile wanawake wanavyoulizana, "Mama, leo umekula nini?" Akasema chai ya rangi na mkate. Na jana jioni? Chai na mkate. Na mchana wa jana? Akacheka, akasema tusimhesabie slesi.

Mpendwa, nyuma ya nyumba kulikuwa na mkungu wa ndizi uliokomaa, ndege wameanza kuutoboa. Ndani kulikuwa na debe la njahi iliyohifadhiwa kwa majivu. Malenge yalikuwa yametambaa mpaka kwenye ua. Kulikuwa na chakula cha kutosha watu kumi pale, na mwenye boma alikuwa anaishi kwa mkate.

Tukamuuliza kwa nini hapiki. Akataja kuni, magoti, na uzito wa sufuria. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Mchungaji, mukimo haupondwi kwa mtu mmoja. Nikiuponda, nitamwita nani aje kula?"

Nimehudhuria makongamano mengi na nimesikia mahubiri makubwa. Sijasikia sentensi ambayo imekaa nami kama hiyo.

Jumamosi iliyofuata vijana wanne walienda kwake. Walipasua kuni, wakamenya ndizi, na kijana mmoja wa chuo akashika mwiko. Alitoka jasho kama mtu anayechimba kisima. Mama akaonja, akamwambia ameacha mahindi mazima kama mtu aliyeponda akiwa na haraka ya kurudi Nairobi. Akamwamuru arudie. Kisha akala. Sahani haikuwa kubwa, lakini aliimaliza, na aliimaliza akiwa anazungumza.

KILE AMBACHO KIMEPOTEA HASA

Tukizungumza habari hizi, mara nyingi lawama zinaenda kwa chipsi. Tunasema watoto wa siku hizi wamependa vya mafuta, vya dukani, vya wazungu. Kuna ukweli hapo, lakini tusiishie hapo, kwa sababu chungu chetu hakijawahi kuogopa chakula kigeni.

Fikiria mukimo wenyewe. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na yalifika Afrika baada ya mabaharia wa Ureno kuanza safari zao. Viazi vinatoka milima ya Amerika Kusini, na hapa Kenya havikuwa vinajulikana mpaka mwishoni mwa karne ya 19. Maharagwe ya kawaida, Amerika. Malenge pia, Amerika. Ndizi zilitoka Asia. Ukiondoa vyote hivyo kwenye sufuria, unabaki na njahi na chumvi! Babu wa babu zako alikula zaidi wimbi, mtama, mawele, kunde, njahi na viazi vikuu. Githeri unayoiita ya asili, yeye angeiita kitu kipya.

Kwa hiyo mama zetu walipokea mbegu za mbali wakazitia kwenye chungu cha nyumbani, na zikawa zetu. Mwaka wa 1984 ukame ulipotupiga na Kenya ikaleta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, wazazi wetu waliyalalamikia ladha yake, lakini waliyapika, wakayagawa kwa gorogoro, na watu wakaishi. Hata yale mahindi ya manjano yaliliwa pamoja.

Chungu kiliweza kubadilisha kila kitu kilichoingia ndani yake. Kitu kimoja tu ambacho hakikuweza kustahimili ni kukosa watu wa kukizunguka. Vijana walipohamia mjini, mikono ya kuponda iliondoka. Watoto walipopelekwa shule za bweni, aliyekuwa akibandua mbaazi akaondoka. Sisemi wasiende shule wala kazini, Mungu apishe mbali. Nasema tuelewe kilichotokea. Mkate umeshinda kwa sababu mkate unaweza kuliwa na mtu mmoja asiye na nguvu. Hauhitaji kuni, hauhitaji kushikiwa sufuria, hauulizi nani mwingine yuko nyumbani.

Kazi ya kuhifadhi imefanywa, na nawapongeza walioifanya. Kuanzia mwaka wa 2007 wataalamu na jamii mbalimbali hapa Kenya walianza kuorodhesha vyakula vya kienyeji na mila zake, na mwaka wa 2021 UNESCO iliitambua kazi hiyo ya Kenya kama mfano mzuri wa kuhifadhi utamaduni. Namshukuru Mungu kwa hilo. Hata managu na terere ambazo zamani zilionekana mboga za maskini, leo utazikuta hotelini. Lakini orodha haipondi mukimo. Cheti cha ng'ambo hakiwezi kukaa na mama yako saa saba mchana akala.

MEZA ILIYOFUNDISHA KABLA YA MIMBARI

Nataka ukumbuke baadhi ya mambo tuliyoyaona tukiwa watoto, hata kabla hatujajua kusoma Biblia.

Mama akijifungua, wanawake wa kijiji walienda kuona mtoto. Hawakwenda mikono mitupu. Walibeba kuni mgongoni, maji, uji, na njahi kwenye vyondo, kwa sababu njahi ndiyo iliyojulikana kuwa chakula cha mama anayenyonyesha. Mama hakupika siku hizo. Alikula kilichopikwa na waliomtangulia kuzaa.

Mtu wa nyumba akiwa hajarudi, sahani yake ilifunikwa. Hata kama amechelewa, hata kama mmekosana naye asubuhi, sahani ilifunikwa ikawekwa karibu na moto. Wewe uliyekuwa na njaa uliitazama ile sahani na ukajifunza kwamba mtu asiyeonekana bado ana nafasi.

Mgeni hakuulizwa kama atakula. Kumuuliza ni kumlazimisha kukataa kwa adabu. Alikaribishwa, na chakula kikatokea.

Na wazee wanatuambia kwamba msafiri mwenye njaa aliweza kuvunja muwa au ndizi kwenye shamba la mtu akala pale pale, mradi asibebe. Akibeba, huyo ni mwizi. Fungua Kumbukumbu la Torati 23:24-25 uone kama hukuti sheria hiyo hiyo. Ukiingia shamba la mizabibu la jirani yako, kula ushibe, lakini usitie chomboni. Ukipita kwenye nafaka yake, vunja suke kwa mkono, lakini usipeleke mundu. Wazee wetu hawakuwa wamepewa mbao za mawe, lakini Mungu hakuwaacha bila ushuhuda.

NAJUA MASWALI YAKO

Kuna mtu anasema, "Mchungaji, sisi tumeokoka. Mambo ya mila tuliyaacha." Swali ni zuri na nalijibu wazi. Kuna mambo tuliyaacha na hatuyarudii. Hatumwagi chakula wala pombe ya asali chini kwa ajili ya waliokufa. Hatupiki kwa hofu ya laana ya mtu. Tunaye Bwana mmoja, na shukrani zetu za chakula zinaenda kwake. Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika waraka wa kwanza sura ya 8 hadi ya 10, akiwapa mwongozo huo. Chakula chenyewe ni cha Mungu, kwa maana dunia ni yake. Kinachokatazwa ni ibada ya sanamu, na kumkwaza ndugu aliye dhaifu. Njahi haijawahi kuabudu mizimu. Usiitupe nje pamoja na madhabahu.

Mwingine, na huyu mara nyingi ni dada, anasema, "Mchungaji, unazipamba siku zile, lakini ni sisi tuliopika na sisi tuliokula mwisho." Dada yangu, umesema kweli. Vipande vizuri vya nyama vilikuwa vya wanaume, na kuna sehemu ambazo mwanamke hakuruhusiwa hata kuonja. Aliyeamka kabla ya jua kuwasha moto ndiye aliyekwangua sufuria. Hilo halikuwa la Mungu na hatulileti tena kwa jina la utamaduni. Katika 1 Wakorintho 11:33 kanisa linaagizwa lingojane wakati wa kula. Mwanamume wa Mungu, neno hilo linaanzia nyumbani kwako. Kama unataka mukimo, mikono yako ina nguvu na mwiko hauna jinsia.

Mwingine anauliza kuhusu afya. Sikiliza vizuri: mimi ni mchungaji, siyo daktari. Sisemi kwamba njahi inaponya ugonjwa fulani wala kwamba mukimo unashinda dawa. Kama mzazi wako ana kisukari au presha, fuata ulichoambiwa hospitalini, na uulize kipimo cha ndizi na viazi anachofaa kula. Ninachosema ni kwamba mtu anayekula na wenzake, wenzake huona mapema akiacha kula.

WALIOJAA ROHO WALIPEWA KAZI YA CHAKULA

Sasa tuingie Matendo ya Mitume 6, kwa maana sisi ni Wapentekoste na kitabu hicho tunakipenda.

Kanisa lilikuwa moto. Watu maelfu walikuwa wameokoka, viwete walikuwa wanatembea, mitume walipigwa na kutoka wakifurahi. Kisha ukatokea mgogoro wa ndani, na mgogoro huo ulihusu chakula. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Hakuna aliyepanga wafe njaa. Walisahauliwa tu, kwa kuwa kanisa lilikuwa limekua na kila mtu alifikiri mwenzake amewaona.

Mitume hawakusema jambo hilo ni dogo. Waliita kanisa lote. Wakatafuta watu saba, na sifa walizotaka ni watu wenye ushuhuda mzuri, waliojaa Roho na hekima. Kwa kazi gani? Kuhudumia meza! Kati ya hao saba alikuwemo Stefano, aliyefanya ishara kubwa, na Filipo, ambaye baadaye alitikisa Samaria. Waliwekewa mikono na mitume ili wajane wapate kula.

Tunapoomba ujazo wa Roho Mtakatifu kwenye kesha la Ijumaa, tunafikiria kipaza sauti. Kanisa la kwanza lilifikiria sahani. Na mstari wa 7 unaonyesha kilichofuata: Neno la Mungu likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana. Uamsho haukupoa kwa sababu ya chakula. Uliendelea.

Mpendwa, mjane anayesahauliwa leo hayuko kwenye foleni ya mgao. Yuko kwenye nyumba yenye paa jipya, simu iko mezani, M-Pesa imeingia, na amekula slesi mbili. Hatalalamika. Akija kanisani atasema, "Tumshukuru Mungu, niko salama."

TUFANYE NINI

Kwanza, jua ni nani anakula peke yake. Usiulize kama ana chakula, atakuambia yupo sawa. Uliza alikula na nani mara ya mwisho. Fikiria boma lako, mstari wako wa viti kanisani, jirani yako wa ukuta mmoja. Msiwasahau wazee wanaume waliofiwa na wake zao, maana wengi wao hawakuwahi kufundishwa hata kuchemsha maji.

Pili, nenda na mikono. Unga na sukari vinapokelewa kwa shukrani, lakini mama yule alikuwa navyo. Alikosa mtu wa kupasua kuni, kushika sufuria, na kukaa chini kula. Mkienda, pikeni pale pale kwake, kwa sufuria yake, kwa maelekezo yake. Usimgeuze kuwa mgeni nyumbani kwake. Mwache aonje na akusahihishe.

Tatu, nenda na mtoto. Katika Kutoka 12:26 Mungu anasema watoto watauliza maana ya utumishi huu, na wazazi wawe na jibu. Mtoto hawezi kuuliza maana ya kitu ambacho hajawahi kukiona. Mpe ndizi amenye, achafuke utomvu, aulize kwa nini shosho anapaka mafuta mikononi. Hapo ndipo utamwambia habari za nyumba yenu na jinsi Mungu alivyowavusha.

Nne, kwako wewe uliye mbali, unayesoma haya ukiwa Nairobi, Mombasa, Doha au Dallas. Usisikie hukumu katika maneno yangu. Pesa unayotuma ni upendo, na Mungu anaiona. Usiiache. Ninakuomba uiongezee jambo moja. Mpigie binamu yako, au jirani wa mama, au viongozi wa kanisa lake, uwaombe wale naye angalau mara moja kwa wiki. Na unapotuma, usitume pesa ya chakula cha mtu mmoja. Tuma ya watu sita, umwambie mama aite watano. Utashangaa atakavyoamka mapema siku hiyo.

Na kama wewe ndiwe unayekula peke yako, kijana wa chumba kimoja pale mjini unayeishi kwa chipsi mbele ya simu, neno la Kutoka 12:4 ni lako pia. Kuna mwingine nyuma ya ukuta anayefanya hivyohivyo. Changeni mahindi na maharagwe, mnunue makaa pamoja, mbishe hodi. Mungu hakukusudia upunguze mlo hadi ukutoshe peke yako.

Kabla sijamaliza, nataka uone jambo moja kwa Bwana wetu mwenyewe. Yohana 21. Amefufuka, ameshinda mauti, mamlaka yote ni yake. Wanafunzi wake wamekesha ziwani bila kupata kitu, na mmoja wao alikuwa amemkana mara tatu. Asubuhi wanamkuta Bwana wa utukufu ufuoni amewasha moto wa makaa, samaki wako juu, mkate uko tayari. Anawaita waje wale. Mazungumzo magumu na Petro yalikuja baada ya kula. Bwana alianza kwa kulisha.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, asante kwa mikono iliyotupikia, na kwa wale waliokwangua sufuria ili sisi tushibe. Tunakumbuka mbele zako kila mama na kila baba anayekula peke yake leo. Tufungue macho tuwaone. Wape watoto walio mbali hekima na amani. Wape vijana wetu nguvu za kuponda na unyenyekevu wa kusahihishwa. Wasamehe waliosahau, wafariji waliosahauliwa. Tujaze Roho wako, Bwana, kama ulivyowajaza wale saba, ili hata meza zetu zikuhubiri wewe. Katika jina la Yesu Kristo, amina.

Jumamosi hii, kabla jua halijapanda sana, beba kisu cha kumenyea uende kwa mtu. Ukifika usimuulize kama atakula. Washa moto.


Mchungaji wako.